Nyumba Hii Ina Mzigo Gani?

Nyumbani,
9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeketi juu ya gunia la mkaa nje ya jiko, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima usidhani nimesahau kuandika. Mimi sijambo. Bibi naye hajambo. Goti la kushoto humsumbua asubuhi, lakini akishalikemea linatii. Je, wewe hujambo? Kifua kimepona? Unakula, au bado unakunywa chai mara tatu kwa siku na kuiita chakula?

Nimeingia kidato cha tatu. Muhula uliopita nilikuwa wa nne. Aliyekuwa wa tatu alinizidi kwa alama mbili, na Bibi amesema alama mbili si kitu, hata kuku hazioni.

Sasa habari yenyewe. Wiki iliyopita alikuja mpimaji wa mradi wa umeme wa jua, mradi huohuo uliokuajiri wewe. Anapita nyumba kwa nyumba na karatasi zake, maana wanataka kujenga kituo hapa kwetu kama hicho unachokitunza. Anavaa kofia ngumu ya njano hata akiwa ndani ya nyumba. Bibi amempa jina la Bwana Kofia.

Aliuliza, "Nyumba hii ina watu wangapi?"

Bibi akajibu, "Watatu. Mmoja yuko kazini, mbali."

"Ina vyumba vingapi?"

"Viwili na jiko."

"Ina mzigo gani?"

Nikamwona Bibi anakaza kitambaa chake kichwani, na wewe unajua akikaza kile kitambaa kinachofuata ni nini.

"Umesema mzigo?"

"Ndiyo, mama. Mzigo wa nyumba."

"Hapa hakuna mzigo. Huyu ni mjukuu wangu. Nimemlea tangu mama yake afariki, anafua, anapika, anasoma, tena ana adabu kuliko wanaoingia nyumbani kwa watu na kofia. Nani amekuambia ni mzigo?"

Bwana Kofia hakuinua kichwa. Alikuwa na nyumba nyingi za kumaliza. "Kwa hiyo niandike hakuna?"

"Andika hakuna. Tena uandike kwa herufi kubwa."

Baba, sikuwahi kukuambia, lakini kisimani niliwahi kuwasikia wanawake wawili wakisema kwamba wewe ulikwenda kazini ukamtwika mama yako mzigo. Walikuwa hawajaniona. Nilikaa na neno lile mwaka mzima. Siku ile Bwana Kofia alipoondoka nilikwenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Kwa kuwa huko kwako simu hazishiki, barua hii nampa dereva wa lori la mradi. Ameahidi kutoikalia.

Utakuja lini? Mara ya mwisho ulikaa siku nne.

Ni mimi,
Binti yako


Kituoni,
2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika ndani ya boksi la fyuzi, haijakaliwa ila inanukia mafuta ya gari. Mimi mzima. Kifua kimepona. Juu ya chai hatutajadiliana.

Nimecheka mpaka mbuzi walio nje ya uzio wakashtuka. Halafu nikaacha kucheka, nikaisoma tena.

Sikiliza vizuri. Sisi mafundi wa umeme tukisema "mzigo" hatumaanishi mtu wala furushi. Tunamaanisha kila kitu kitakachokula umeme. Taa ni mzigo. Redio ni mzigo. Mashine ya kusaga ni mzigo mkubwa. Bwana Kofia alikuwa anauliza nyumba yetu itawasha nini. Bibi yako alipojibu "hakuna", kwenye karatasi nyumba yetu imekuwa nyumba isiyohitaji umeme. Nyumba ya namna hiyo haivutiwi waya.

Na sidhani ni Bibi peke yake. Uliza majirani walijibu nini. Mradi una kanuni: kituo hakijengwi mahali mpaka zipatikane nyumba mia moja zenye mzigo. Zikipungua, wanahamia kwingine, na huenda wasirudi miaka kumi.

Kuna jambo jingine, nalo nililiweka moyoni nisikupe matumaini ya bure. Kila kituo kina mtunza mitambo mmoja, na kwenye vituo vipya nafasi hiyo hupewa mkazi wa hapohapo. Kituo kikijengwa huko, nitaomba mimi.

Umeniuliza nitakuja lini. Hapa hakuna wa kunishikia zamu, ndiyo maana siku nne zile zilikuwa nne. Kila alfajiri nafuta vumbi kwenye paneli sitini, moja baada ya nyingine, kwa ndoo na kitambaa. Nikimaliza ya mwisho, ya kwanza imeshaanza kufifia. Watu wa hapa ni wema, lakini hawanijui. Umeme ukiwaka hakuna anayebisha hodi. Ukikatika dakika tano, ndipo najulikana: "Wewe mtu wa umeme, umelala?"

Msalimu mama. Mwambie kofia ile ni ya usalama.

Baba yako


Nyumbani,
28 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Tunakuombea afya njema, wewe na paneli zako.

Ulisema kweli. Nimezunguka na daftari langu la mazoezi kila siku baada ya masomo. Nyumba zetu ni mia moja na kumi na nne, na sabini na moja zimeandikwa "hakuna".

Fundi cherehani, jirani yetu, alisema, "Mzigo wangu ni mume wangu, lakini nilidhani si mambo ya kuandikisha serikalini." Nilipomweleza maana, alishika kiuno. "Mbona mimi cherehani zangu mbili nataka zifungwe mota! Nimekanyaga pedali miaka kumi na sita, mguu mmoja umekuwa mnene kuliko mwenzake."

Mwenye mashine ya kusaga alikuwa amejibu, "Mzigo upo, lakini wapagazi wangu wanatosha." Kinyozi alidhani anashukiwa kuuza vitu vya magendo. Akamwambia Bwana Kofia, "Mimi sina mzigo wowote, ingia upekue!" Na mwalimu mkuu, Baba, mwalimu mkuu wetu mwenyewe, alijibu kwamba mzigo wake ni vipindi ishirini na nane kwa wiki.

Nimeuliza kila nyumba, "Umeme ukija mtawasha nini?" Hilo wanalielewa. Wengine wanataja mpaka vitu ambavyo hawajawahi kuviona. Nimeandika vile walivyo navyo na vile watakavyonunua mwaka huu, kisha wakatia sahihi au dole gumba. Mwalimu wa fizikia alinikagulia hesabu za wati, akaniongezea barua kwenda ofisi ya mradi. Wamejibu kwamba Bwana Kofia atarudi tarehe ishirini Aprili kuhakiki.

Nimepata nyumba mia moja na tatu.

Yetu haimo. Nimemweleza Bibi mara tatu kwamba mzigo ni taa. Amenielewa, usidhani hajaelewa. Anasema, "Mwanangu, hilo neno mimi silitamki juu ya nyumba hii. Walimwengu wanangoja nilitamke." Nikamwambia basi asitamke, atie dole gumba tu. Akasema dole gumba nalo lina mdomo.

Sikutaka kumsukuma. Jioni nasoma kwa kibatari kama kawaida, na pua ikiwa nyeusi Bibi ananifuta kwa ncha ya kitambaa chake.

Kila nikirudi kutoka kwenye mzunguko wangu ninahesabu pia jambo moja ambalo sikuliandika daftarini. Ni siku tangu ulipoondoka.

Binti yako


Nyumbani,
24 Aprili

Baba,

Shikamoo, na samahani kwa haraka. Dereva anapakia na anapiga honi.

Tumefaulu! Bwana Kofia alikuja, akahakiki nyumba zote mia moja na tatu. Kwa kinyozi alicheka mpaka akavua kofia. Ana upara, maskini.

Alipofika kwetu alitaka kupita. Akasema, "Hii haina mzigo, niliandika kwa herufi kubwa." Bibi alikuwa kizingitini. Akasogea kumpisha, akasema, "Karibu, mwanangu. Keti. Andika taa mbili. Moja chumbani kwangu, moja pale anapokaa mtoto kusoma. Andika redio. Ndiyo hivyo tu. Mengine yote ya nyumba hii ni watu."

Bwana Kofia akaandika. Neno lile Bibi hakulitamka hata mara moja, na Bwana Kofia naye hakuuliza.

Lori linaondoka. Uombe nafasi, Baba! Uombe leo!

Binti yako


Kituoni,
19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama juani, na sikusogea mpaka nilipoimaliza. Umefanya kazi ambayo watu wazima wenye mishahara walishindwa. Nimemsomea na mzee anayechunga mbuzi hapa uzioni. Hajui Kiswahili kizuri lakini alipiga makofi.

Fomu zimeletwa na lori lilelile. Dereva alikuwa na haraka, alitaka arudi nazo kabla mvua haijaharibu njia. Nimejaza yangu juu ya boneti ya gari, nikamkabidhi mkononi.

Tungoje. Usiache kusoma kwa ajili ya kungoja.

Baba yako


Nyumbani,
11 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za tangu siku zile? Bibi anakusalimu. Goti limempa likizo.

Wameanza kuchimba mashimo ya nguzo. Moja liko hatua kumi na saba kutoka mlangoni kwetu. Bibi amefagia chumba chako, amehamisha magunia, na amening'iniza pazia. Nilipomuuliza la nini, akasema ni la kuzuia vumbi la mashimo.

Je, wamekujibu?

Binti yako


Nyumbani,
2 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sijapata barua yako tangu Mei. Dereva anasema uko salama, ila kila akifika unamwambia bado hujamaliza kuandika. Sijui ni barua gani hiyo isiyokwisha.

Hapa nguzo zimesimama na paneli zimefika. Jana ofisi ya mradi iliita mkutano mfupi kwenye uwanja wa shule. Wamesema mtunza mitambo wa kituo chetu amepatikana, naye ni fundi cherehani. Watu walimshangilia. Nami nilishangilia, Baba, maana ni jirani yetu, ana mikono mizuri, na cherehani ikiharibika huifungua yote akairudisha bila kubakiza hata skrubu moja. Nilipiga makofi mpaka watu walipoacha. Kisha nikakumbuka kuwa nafasi ni moja tu.

Anatumwa kwenye kituo cha zamani kujifunza kwa wiki sita. Kituo chenyewe ni chako. Nimempa barua hii aje nayo. Alinikumbatia akaniambia, "Mwanangu, mimi sikujua. Walisema hakuna mkazi mwingine aliyeomba."

Baba, wewe uliomba. Uliniambia uliomba. Kumetokea nini?

Binti yako


Kituoni,
15 Septemba

Mwanangu,

Natumaini hamjambo. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na usimsomee Bibi kabla hujaimaliza.

Fomu ilikuwa na maswali sita. La nne liliuliza: "Unakaa wapi?" Mimi, kwa mkono wangu, niliandika: "Kituoni."

Sikufikiri. Kila siku, kwa miaka minne, natia sahihi kwenye daftari la zamu, na kila siku kuna mahali pa kujaza unapokaa, nami najaza neno hilohilo. Kalamu ilishazoea. Walipochambua majina waliniweka kando kama mtu wa mbali, mtu asiye mkazi. Nilipopata habari niliandika ofisini kwamba nimekosea. Wakajibu kwa upole kwamba orodha imefungwa.

Nilianza kukuandikia mara nyingi. Mwanzo niliandika kwamba ni kosa la kalamu. Nikaichana, kwa sababu nimekulea usiseme uongo. Ukweli ni kwamba niliulizwa ninakaa wapi, na jibu lililokuja kwanza halikuwa nyumbani. Hilo ndilo lililonizuia kuandika. Wewe na mama mlikuwa mnanifagilia chumba, nami sikukumbuka kuwa ni changu.

Fundi cherehani anajifunza vizuri kuliko mimi nilivyojifunza. Inveta, kile chombo kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, ikilia, anasikiliza kwanza kabla ya kugusa. Jana aliniambia, "Bwana wee, mtambo huu ni kama mteja: anayepiga kelele siye mwenye kasoro, tafuta aliyenyamaza." Nimemwonyesha kila nilichokijua. Nilimwonyesha hata paneli ya thelathini na mbili, ambayo hukusanya vumbi pembeni, ingawa kituoni kwenu haitakuwa na tabia hiyo. Kwa wiki sita kulikuwa na mtu wa kuzungumza naye, tena aliyenihadithia jinsi unavyotembea ukitoka shule, kitabu kimoja mkononi ukikisoma njiani. Sikujua hilo.

Anaondoka kesho na barua hii. Nisamehe.

Baba yako


Kituoni,
20 Oktoba

Mwanangu,

Hamjambo? Mimi mzima. Lori limekuja bila barua yako. Nimemuuliza dereva mara mbili, akageuza mifuko yake nione.

Nimeomba likizo ya mwezi. Wamesema mpaka apatikane wa kunishikia zamu. Nimeanza kumfundisha yule mzee mchunga mbuzi. Anaogopa swichi, lakini jana aliwasha moja.

Mitihani ikoje?

Baba yako


Kituoni,
17 Novemba

Mwanangu,

Habari za huko? Leo sina mengi. Vumbi ni jingi msimu huu. Mzee sasa anazima na kuwasha bila kufumba macho.

Andika hata mstari mmoja. Hata wa kunigombeza.

Baba yako


Nyumbani,
6 Desemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Tumepata barua zako zote tatu.

Samahani kwa kukaa kimya. Nilikasirika. Nilizunguka nyumba mia moja na kumi na nne nikiwafafanulia watu swali moja ili walijibu sawasawa, na baba yangu akakosea lililo rahisi kuliko hilo. Niliandika hivyo kwenye barua nikaichana. Nikaandika tena kwa maneno makali zaidi, nikaitia kwenye bahasha, kisha dereva akapiga honi nami sikutoka nje. Mitihani nimefanya. Safari hii nimekuwa wa pili, ila siku ya matokeo sikuwa na wa kumweleza aliyejua alama mbili zina uzito gani.

Barua ya Septemba nilimsomea Bibi siku ya tatu. Alisikiliza akichambua maharage. Nilipomaliza aliendelea kuchambua. Nikafikiri hakusikia, nikataka kurudia, akanikataza kwa mkono.

Umeme umewashwa tarehe mosi. Fundi cherehani ndiye aliyebonyeza swichi, amevaa viatu vya mpira hadi magotini, na kinyozi akapiga kelele kana kwamba amefunga goli. Mota za cherehani zinalia mchana kutwa. Mezani kwangu kuna taa. Mwanga wake ni mweupe sana, mwanzoni niliona mikono yangu kama si yangu. Pua yangu sasa ni safi, na Bibi hana tena sababu ya kunifuta. Hilo sikulitegemea. Baadhi ya jioni ananifuta tu.

Waliokuja kufunga mita walikuwa wawili. Mmoja alipanda ukutani, mwingine akabaki mlangoni na kitabu cha kusajili. Akauliza mita iandikwe kwa jina la nani. Nilidhani Bibi atataja lake, maana nyumba ni yake. Akataja lako. Alilitaja lote, la kwako, la babu, na la baba yake babu, polepole, ili kijana wa watu asikosee tahajia. Kisha akamwambia alisome, naye akalisoma.

"Huyu ndiye mwenye nyumba?"

"Ndiye."

"Anakaa wapi?"

Niliinamisha kichwa, Baba. Nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Bibi akasema, "Anakaa hapa. Ametoka kidogo."

Binti yako